Likizo ya Mwanafunzi na Jasho la Kibarua: Nani Hurithi Mifupa ya Tendaguru?

Kila mwaka, vyuo vikuu vinapofunguliwa baada ya likizo ndefu, mezani kwangu hurundikana madaftari ya mafunzo kwa vitendo, yale ambayo wanafunzi wenyewe huyaita ya "fildi". Wajibu wangu ni kuyasoma na kuyatia alama. Miaka michache iliyopita nilisoma daftari la binti mmoja wa mwaka wa pili aliyekuwa akisomea masuala ya urithi wa kale. Alikuwa amepangiwa wiki nane katika taasisi moja yenye dhamana ya kutunza mambo ya kale, ambayo sitaitaja. Wiki ya kwanza aliandika: "Utambulisho na kufahamiana na watumishi." Wiki ya pili: "Kupanga mafaili." Wiki ya tatu: "Kupanga mafaili (inaendelea)." Hadi wiki ya nane hapakuwa na siku hata moja iliyotaja mfupa, jiwe wala kigae. Nilipomwuliza kama alipata kuingia stoo ya makusanyo, alinijibu kwa upole: "Hapana, Dokta. Ufunguo alikuwa nao afisa, na afisa alikuwa safarini."

Nilimpa alama zake, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Hata hivyo jibu lile halikunitoka akilini, maana lilinirejesha kwenye sura ya historia ambayo nimeifundisha kwa muda mrefu bila kuiangalia kutoka upande wa mwanafunzi. Ni historia ya ukusanyaji wa visukuku katika nchi yetu, na ukiisoma kwa makini utaona kwamba katika kila kizazi kuna aliyepewa jembe, kuna aliyepewa kalamu, na kuna aliyebaki na ufunguo.

Tuanzie Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alioneshwa ulimwengu wa ajabu katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi: mifupa mikubwa kupita kiasi iliyokuwa imejitokeza juu ya ardhi. Mwaka uliofuata mtaalamu wa visukuku kutoka Stuttgart, Eberhard Fraas, alifika kuithibitisha. Kisha mwaka 1909 Makumbusho ya Elimu ya Viumbe ya Berlin ilituma msafara uliochimba hadi mwaka 1913, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck.

Tarehe hizi zina maana yake. Vita vya Majimaji vilipiganwa kati ya 1905 na 1907, na eneo la kusini ndilo lililoungua zaidi. Majeshi ya Kijerumani yalichoma mashamba na maghala ya chakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Msafara wa Berlin uliingia katika nchi hiyo hiyo miaka miwili tu baadaye. Katika msimu wa kwanza uliajiri vibarua wasiozidi mia mbili, na kufikia mwaka 1911 walikuwa wakikaribia 500. Huwezi kuisoma hesabu hiyo bila kujiuliza ni watu gani hao waliokuwa tayari kuchimba mashimo ya mgeni kwa ujira, na walikuwa wametokea katika hali gani.

Kazi yenyewe haikuwa ya nguvu peke yake. Mfupa uliolala chini ya udongo kwa miaka takriban milioni 150 hauvutwi kama muhogo. Huanza kuonekana ukingo wake, ukafuatwa polepole kwa vyombo vidogo, ukapakwa gundi palipo na nyufa, ukafunikwa kwa plasta au udongo, ukafungwa kwa mianzi, ukapewa alama ya shimo ulikotoka. Baada ya hapo ulibebwa. Wanyama wa mizigo hawakuweza kutumika kwa sababu ya mbung'o, kwa hiyo mifupa ilisafiri vichwani na mabegani mwa wapagazi, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilivuka bahari kwa njia hiyo. Mwaka 1937 mnyama mkubwa kuliko wote aliyetoka Tendaguru alisimamishwa katika ukumbi wa Berlin, urefu wake ukizidi mita 13, na hadi leo mamilioni ya wageni wamemtazama wakiwa wameinua shingo.

Msimamizi mkuu wa vibarua wale alikuwa Boheti bin Amrani. Lugha ya wakati ule ingemwita nyapara, lakini neno hilo halitoshi. Boheti alijifunza kutofautisha mfupa na jiwe, kuutoa bila kuuvunja, na kuuandaa kwa safari. Wajerumani wenyewe walimtambua kama fundi wao mkuu wa kuandaa visukuku. Na Waingereza walipokuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza, naye alirudi kazini. Kwa kipimo cha saa alizokaa na mifupa ya Tendaguru, sidhani kama kuna profesa wa Berlin au London aliyemfikia.

Sasa tumlete mwanafunzi. Mwaka 1924 Makumbusho ya Uingereza ilituma msafara wake Tendaguru, ukiongozwa na William Cutler, mtaalamu wa kuchimba dinosaria ambaye hakuwa na uzoefu wa Afrika. Alihitaji msaidizi anayezijua nchi hizi na anayeweza kuelewana na watu wake. Aliyepatikana ni kijana wa miaka 20, mzaliwa wa Kabete nchini Kenya, mtoto wa wamishonari, aliyekuwa akisoma Cambridge. Kijana huyo alikuwa ameumia kichwa katika mchezo wa raga, na madaktari walikuwa wamemshauri aache masomo kwa muda. Jina lake lilikuwa Louis Leakey. Likizo yake ya ugonjwa ikageuka kuwa ajira yake ya kwanza katika fani ya visukuku. Alikaa miezi kadhaa, akajifunza kutoka kwa Cutler namna ya kuimarisha na kufunga mifupa, kisha akarudi chuoni kumaliza shahada. Cutler alibaki, akafa kwa malaria Lindi mwaka 1925.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1931 Leakey alifika Olduvai akifuatana na Hans Reck, yule yule wa Tendaguru. Mwaka 1959 mkewe, Mary Leakey, aliona pale Olduvai fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus, na Afrika Mashariki ikawa mahali ambapo dunia nzima hutazama inapouliza mwanadamu alitoka wapi. Mary mwenyewe hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alikuwa msichana mwenye kipaji cha kuchora aliyekwenda kwenye machimbo ya Uingereza msimu baada ya msimu tangu mwaka 1930, hadi mikono yake ikawa ndiyo cheti chake.

Simulizi hii siisemi kwa kuwabeza akina Leakey. Walifanya kazi kubwa na matunda yake tunayala. Ninachotaka wasomaji wakitazame ni tofauti kati ya vijana wawili waliopita katika kilima kile kile. Leakey alikaa Tendaguru miezi kadhaa; Boheti alikaa misimu mingi. Leakey alipoondoka alikuwa na darasa la kurudia, maktaba ya kusomea, na mahali pa kuchapisha mawazo yake. Boheti alipomaliza msimu hakuwa na mahali pa kuupeleka ujuzi wake. Mwaka 1924 Makerere ilikuwa na umri wa miaka miwili, nayo ilikuwa shule ya ufundi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kingefunguliwa miaka 37 baadaye. Macho ya Boheti na mikono yake havikuwa na upungufu wowote. Kilichokosekana ni daraja la kumtoa shimoni na kumfikisha kwenye meza ya kuandikia, na daraja hilo mfumo wa kikoloni haukukusudia kulijenga.

Ushahidi umeandikwa hata katika majina ya wanyama wenyewe. Kwa desturi ya sayansi, anayemwelezea mnyama kwa mara ya kwanza ndiye humpa jina. Yule mkubwa wa Berlin alipewa jina la Branca, mkurugenzi wa makumbusho aliyechangisha fedha za msafara. Mwingine alipewa jina la Sattler. Na mwaka 1919, mara baada ya vita, dinosaria mmoja mdogo wa Tendaguru alipewa jina la Lettow-Vorbeck, jenerali aliyeongoza majeshi ya Kijerumani katika ardhi yetu huku maelfu kwa maelfu ya wapagazi wakifa kwa njaa na maradhi. Boheti alisubiri hadi mwaka 2007 ndipo mnyama mmoja akaitwa Australodocus bohetii. Mwaka 2019 akafuata Wamweracaudia keranjei, anayewakumbuka Wamwera wa Lindi na Mohammadi Keranje, mmoja wa wachimbaji wale. Ni heshima njema, japo imechelewa karibu karne nzima, na bado imetolewa na watu wengine kwa niaba yetu.

Kuna atakayesema kwamba hayo ni ya mkoloni, na mkoloni ameondoka. Nimkumbushe habari ya Kamoya Kimeu wa Kenya. Kimeu aliingia kazini kwa akina Leakey akiwa kijana mwenye elimu ya msingi tu. Mwaka 1964 aliokota taya la binadamu wa kale huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Mwaka 1984, magharibi ya Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso kilichofanana na kokoto zilizokizunguka, na kipande hicho kikafungua njia ya kupatikana kwa mvulana wa Nariokotome, mmoja wa mifupa kamili zaidi ya watu wa kale iliyowahi kuonekana. Mwaka 1985 alipewa nishani ya Shirika la National Geographic mikononi mwa Rais wa Marekani. Makumbusho ya Taifa ya Kenya nayo ilimpandisha cheo, ikamkabidhi dhamana ya maeneo ya kale. Alifariki mwaka 2022 akiwa ameheshimiwa, na alistahili. Hata hivyo, katika makala za kisayansi zilizotokana na macho yake, kwa sehemu kubwa waliofasiri na kuandika walikuwa wengine. Uhuru ulipanua mlango, ila haukuuondoa ukuta uliotenganisha anayeona na anayeandika.

Wengi hudhani kwamba kazi ya visukuku huishia shimoni, na kwamba makumbusho ni ghala la kuhifadhi vitu vilivyokwisha kueleweka. Huko ni kutoelewa kazi ya mhifadhi. Kisukuku kinapoingia stoo, lazima kipewe namba, na namba iandikwe katika rejesta pamoja na mahali kilipotoka, tabaka la udongo, tarehe, na jina la aliyekiokota. Kisha kisafishwe, kipimwe, kichorwe au kupigwa picha, kiwekwe mahali pasipo na unyevu wala wadudu, na kiandikiwe kadi ya kumwezesha mtu atakayekuja miaka 50 baadaye kukipata. Kisukuku kisicho na namba ni jiwe zito tu. Huwezi kuuliza swali juu yake kwa sababu hujui kimetoka wapi.

Mfano mzuri ni Nyasasaurus. Mifupa yake ilikusanywa na Rex Parrington wa Cambridge katika miaka ya 1930, kwenye matabaka ya kale ya bonde la Ruhuhu, kusini mwa nchi yetu. Ikapelekwa Uingereza. Katika miaka ya 1950 mwanafunzi wa udaktari, Alan Charig, aliieleza katika tasnifu yake, lakini maelezo hayo hayakuchapishwa rasmi. Ni mwishoni mwa mwaka 2012 tu ambapo mnyama huyo alitangazwa kwa ulimwengu kuwa huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ndugu yao wa karibu kabisa. Takriban miaka 80 alikaa kabatini. Ugunduzi ulifanyika ndani ya droo, na uliwezekana kwa sababu mtu fulani aliandika namba na mahali kwa mwandiko unaosomeka.

Berlin nako, zaidi ya karne moja tangu meli ziondoke Lindi, vimekuwapo vifurushi vya mianzi kutoka Tendaguru ambavyo havijawahi kufunguliwa. Tafakari jambo hilo. Mtu wa Lindi alivifunga kwa mikono yake, mwingine akavibeba kichwani, na hadi leo hakuna anayejua kwa hakika kilichomo. Suala la kumrudisha "mjusi" wetu limezungumzwa mara nyingi, hata Bungeni. Wapo wanaotaka arudi, wapo wanaotaka fidia, wapo wanaoona afadhali ushirikiano wa kitaalamu. Kurejeshwa kwa urithi si ndoto, maana fuvu la Zinjanthropus lilirudi nchini mwaka 1965. Lakini msimamo wowote utakaoushika, utafika mahali utakapohitaji watu: vijana wa Kitanzania wanaojua kufungua kifurushi cha mianzi bila kuharibu kilichomo, kusoma alama ya shimo, na kuandika makala. Tukishinda hoja ya kurejeshewa mifupa bila kuwa na watu hao, tutakuwa tumehamisha makabati tu.

Watu hao hupatikana wapi? Kwa wenzetu hupatikana wakati wa likizo. Katika Ulaya na Marekani ni jambo la kawaida mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili kupata kazi ya majira ya joto katika makumbusho: kuosha mifupa, kuandika kadi, kuchekecha mchanga kutafuta meno ya panya wa kale. Wengine hulipwa ujira mdogo, wengine huhesabiwa kama sehemu ya masomo. Na kwa bahati ya jiografia, miezi ya likizo yao, Juni hadi Agosti, huangukia katika kiangazi chetu, wakati mito imekauka na ardhi inachimbika. Ndiyo maana shule za uwandani za Olduvai na Turkana hujaa wanafunzi wa ng'ambo msimu huo. Wao hulipa ada, tena ada kubwa, ili wapate nafasi ya kupiga magoti juu ya udongo wetu. Wanafunzi wetu, ambao likizo yao nao huangukia katika miezi hiyo, wapo mjini wakipanga mafaili.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanyika. Mwaka 2016 zilitangazwa nyayo mpya za Laetoli, za watu wa kale waliotembea juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita, na mwandishi wa kwanza wa makala ile alikuwa Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huo ni ushahidi kwamba daraja linawezekana. Hata majina yamebadilika: mwaka 2010 dunia ilimpata Asilisaurus kongwe, na mwaka 2019 Mnyamawamtuka moyowamkia, mnyama wa Mtuka aliyekuwa na mfupa wa mkia wenye umbo la moyo. Kiswahili kimeingia katika orodha ya viumbe vya kale, nami nilifurahi. Furaha yangu ilipungua nilipokumbuka kwamba majina hayo mawili yalitungwa na watafiti wa ng'ambo. Lugha yetu imefika mezani kabla ya watoto wetu.

Hoja ya kwanza ninayokutana nayo kila nikilizungumza jambo hili ni kwamba fedha hakuna. Naielewa, kwa kuwa ninaishi ndani ya bajeti hizo hizo. Lakini yapo mambo matatu ambayo hayahitaji mfadhili mkubwa. Kwanza, kila kibali cha utafiti wa visukuku kinachotolewa kwa timu ya ng'ambo kiambatane na nafasi kadhaa za wanafunzi wa vyuo vya humu nchini, zenye posho, na zenye jukumu la kitaaluma lililoandikwa, pasiwe na mtu wa kuletwa ili aonekane katika picha. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, na serikali inayotoa kibali ina uwezo wa kuweka masharti. Pili, stoo zetu zifunguliwe kwa wanafunzi wakati wa likizo, chini ya uangalizi, wafanye kazi ya rejesta. Karani wa kudumu ni ghali, lakini wanafunzi kumi kwa wiki nane, kwa nauli na chakula, wanaweza kupunguza mrundikano wa miaka mingi, na kila mmoja akaondoka na swali la tasnifu yake. Tatu, katika rejesta hizo safu ya jina la aliyeokota ijazwe kikamilifu, awe profesa au awe mchunga mbuzi wa Ngorongoro. Kama desturi hiyo ingefuatwa kwa haki mwaka 1909, leo tungekuwa na orodha ndefu kuliko majina mawili.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu nina ombi moja la ziada. Mwanafunzi anapofika ofisini na barua ya chuo, msimwone kama mzigo wa kupangiwa kazi za kupitisha siku. Mkumbukeni yule kijana aliyeumia kichwa kwenye raga. Kilichomfanya awe alivyokuwa ni kwamba mtu mmoja, katika msimu mmoja, alimwamini akamkabidhi mfupa. Kwa upande wenu wanafunzi, msisubiri kupewa. Ombeni kuoneshwa rejesta. Ulizeni kila kitu kimetoka wapi na nani alikiokota. Mkinyimwa, andikeni katika daftari la fildi kwamba mmenyimwa. Nitawapa alama kwa hilo pia.

Yule binti wa mafaili alihitimu, na alihitimu vizuri. Mwaka jana nilimkuta kwenye banda la kampuni ya simu, akiwa na fulana yenye nembo, akiwauzia wapita njia vifurushi vya intaneti. Alinisalimu kwa heshima, akaniuliza habari za chuo. Ni kazi halali na inamlisha. Kabla hatujaagana aliniuliza kama ile stoo imewahi kufunguliwa. Sikuwa na jibu la kumpa.